Siku Jepleting Aliponyoosha Mkono

Wasee, mtoto wangu alinyoosha mkono apakwe losheni ya jua, nami nikapiga magoti kwenye vumbi la zizi nikalia kwa furaha.

Kama unashangaa hapo kuna nini cha kulilia, ngoja.

Jepleting ana miaka kumi na moja. Alizaliwa na ualbino, na alipofika miaka mitatu daktari akaniambia ana usonji pia. Ngozi yake haiwezi jua, na ngozi hiyohiyo haitaki kuguswa.

Kofia anaitupa mtaroni. Lebo ya nguo inamfanya ajikune hadi damu. Na losheni ndiyo vita yenyewe. Ikigusa shavu tu, anapiga nduru mpaka majirani wetu wa Free Area wanatoka kuangalia nani anauawa.

Mmoja aliniambia, "Mathe, si umwache tu. Unamtesa."

Nikimpaka namtesa. Nisipompaka anaungua. Hayo yamekuwa maisha yangu miaka minane.

Mimi hupika chapati Salgaa, kwenye hoteli ya madereva wa malori. Huko si mahali pa mtoto kama wangu. Kwa hivyo Januari mwaka jana nilimpeleka kwa mamangu Keringet. Nikamwachia chupa ya losheni na amri moja: asitoke nje kabla ya kupakwa.

"Jua gani huku, Jeruto?" mama akacheka. "Sisi huvaa sweta hata saa sita."

"Mama, jua la baridi huchoma pia. Tena halikuambii."

"Sawa, nimesikia."

Wiki tatu baadaye nikaenda kuwaona. Mama alikuwa amemaliza kukamua, na Jepleting ameketi kwenye kigoda. Chupa yangu ilikuwa palepale kando yao. Mama akamwendea na viganja vinavyong'aa mafuta, na mtoto akanyoosha mkono. Kisha ule mwingine. Kisha akafumba macho akaleta uso.

Hakuna nduru. Kimya.

Ndipo nikapiga magoti.

"Mama, umefanyaje?"

Akaangalia chini. "Ni polepole tu," akasema.

Nikamkumbatia mtoto. Alinuka zizi. Ikumbuke hiyo harufu, tutairudia.

Siku hiyohiyo niliandika kwenye group yetu ya wazazi wa watoto wenye ualbino: "Mungu ametenda. Mikono ya nyanya ina dawa." Watu wakaniuliza siri, nami nikajibu kama mtaalamu. Mama mmoja wa Naivasha akampeleka mtoto wake kwa nyanya wiki hiyo.

Kila mwezi nikawa natuma chupa mpya. Na kwa kuwa mtoto sasa alikuwa analindwa, nikasema atoke nje. Akawa anafuata ng'ombe na mamangu hadi mchana. Mama alinitumia video yake akicheka malishoni, nikalia mbele ya karai la chapati.

Septemba kidonda kikatokea juu ya sikio lake. Kikakauka, kikapasuka, kikakauka tena, kikakataa kabisa kupona.

Nikamleta hospitali Nakuru. Daktari, dada mpole anayeitwa Chepkemoi, akauliza huwa tunampaka nini. Nikatoa ile chupa kwa madaha.

Akaminya kidogo kwenye kidole, akanusa. Akaninyooshea hicho kidole.

"Mama, umewahi kukamua ng'ombe?"

"Nimekua nikikamua."

"Basi niambie wewe, hii ni nini?"

Ilikuwa milking jelly. Yale mafuta tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, na mikono yetu, na midomo, na kila mtoto wa Keringet akitoka kuoga. Yanalainisha vizuri sana. Jua linayapita kama dirisha lisilo na pazia.

Nilienda Keringet. Mama hakubisha. Aliinama akavuta katoni chini ya kitanda. Chupa saba za losheni, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Siku ya kwanza alilia mpaka akatapika," akasema. "Nikajaribu haya ya ng'ombe, akatulia. Nilikuwa nikuambie ukija. Sasa ukaja, ukapiga magoti. Ningekuambiaje, mtoto wangu? Nikayayeyusha kwa moto nikatia kwa chupa yako."

Nilimtukana mamangu. Majirani walisikia, na maneno hayo hayarudi tena mdomoni.

Majibu ya maabara ya kile kidonda yalitoka: ni saratani. Nusu ya sikio itakatwa, na wataangalia kama imefika shingoni.

"Ni ile miezi minane?" nikamuuliza daktari.

"Ni jua la miaka yote," akasema. "Lakini la hiyo miezi minane ndilo mliloweza kuzuia." Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Sasa tuko Free Area. Kila asubuhi Jepleting anaketi kwenye kigoda, anafumba macho, ananyoosha mkono. Anangoja mafuta ya kogo, yaani nyanya yake. Mimi nafungua losheni ya kweli. Tone la kwanza likimgusa, anauvuta mkono na kuniangalia kama mtu asiyemjua. Kisha nduru zinaanza, na mwaka huu sina nguvu tena.

Sasa ile harufu.

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Mimi ni mtoto wa zizi. Siku ile nilinusa shingo ya binti yangu na nikajua ni milking jelly. Nilijua kabisa. Kisha nikajiambia ni mikono ya mama tu, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka sana iwe kweli.

Mama alinidanganya ili mtoto anyamaze. Mimi nilijidanganya ili nilale, halafu nikawafundisha wengine.

Mzazi mwenzangu, mtoto aliyekuwa akilia akinyamaza ghafla, usikimbilie kushukuru. Fungua chupa unuse.

Na wewe mama wa Naivasha, nimekupigia mara nne hushiki simu. Ukisoma hii, nenda kwa nyanya leo.