Leo nimefuta sauti ya mamake Bi Zuwena

Jamani, leo nimefuta sauti ya marehemu.

Bi Zuwena ni jirani yangu hapa Michenzani. Mwaka jana nilimrekodi mamake, mtu wa Makunduchi, akisimulia ujana wake. Mwezi uliopita bibi akafariki. Rekodi ilikuwa moja tu, kwenye kompyuta yangu ya Linux, katika folda niliyoifunga ili hata mimi nisiweze kuifuta.

Asubuhi kuna faili za zamani zilikataa kufutika. "Huna ruhusa," mashine inanambia.

Nikafungua dirisha la mafaili kwa mamlaka ya msimamizi, yanayopita kufuli zote za mashine, zikafutika.

Dirisha sikulifunga.

Baadaye nikaendelea kusafisha humo humo, nikidhani nimo kwenye dirisha langu la kawaida. Nikachagua folda zote, nikafuta. Ile iliyofungwa si itakataa?

Haikukataa. Msimamizi haulizwi kitu.

Bado nimeduwaa, mara hodi. Bi Zuwena, na dadake kaja kutoka shamba.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Tuwekee mama, dada yangu hajamsikia."

Nikamwambia ukweli.

Dadake akauliza, "Yote?"

"Yote, bi mkubwa."

Bi Zuwena hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alimshika mkono dadake wakashuka ngazi.

Mashine nimeizima, sijaigusa tena. Anayejua kurudisha faili zilizofutwa aniandikie. Hata ikipatikana dakika moja, nitawapelekea.