Mke Wangu, Binti wa Baba Mdogo

Katika picha pekee ya harusi yangu tumo wanaume kumi na tisa. Sote tumevaa kanzu, sote tumekaza shingo, na mimi niko katikati nimevaa joho la kuazima lililonifunika mpaka vidole. Bibi arusi hayumo. Alikuwa kwao, hapo hapo Tanga, mitaa miwili kutoka msikitini, yuko ndani na hina yake, wakati mimi na baba yake tumeshikana mikono mbele ya kadhi. Kwetu pwani ndivyo watu wanavyooana. Hakuna anayeuliza bibi arusi yuko wapi, kwa sababu kila mtu anajua yuko wapi.

Afisa wa uhamiaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza.

"Bibi iko wapi hapa?" alisema, huku ameigeuza picha kuangalia kama yuko nyuma.

"Yuko nyumbani."

"Siku ya harusi yake?"

"Ndiyo, bwana afisa. Alikuwa na shughuli."

Nilikusudia kumchekesha. Sikujua kwamba katika ofisi zile za mjini mzaha huachwa nje.

Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Babu yangu alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alibaki Mombasa akanizaa mimi. Mdogo alikwenda Tanga kushona suruali za Wazungu wa mkonge, akamzaa mke wangu. Zamani hizo ukitaka kwenda Tanga ulihitaji nauli na kikapu cha kuwapelekea wenyeji. Sasa kulikuwa na nchi mbili, na mke wangu alikuwa mgeni katika nchi ya babu yake mwenyewe. Kibali chake kilikuwa kimeisha, na barua tuliyopewa haikuzunguka: tuthibitishe kwamba ndoa yetu ni ya kweli, au kufikia mwisho wa mwezi awe amerudi kwao.

Cheti cha kadhi walisema hakiwatoshi; waliomba vitu vya kawaida kwa watu wa kawaida. Picha zetu pamoja. Barua. Marafiki waliotutembelea, sherehe tulizohudhuria. Nikakaa nikafikiri. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika duka la vyombo katikati ya Nairobi, nyuma ya msikiti mkubwa, na likifungwa nilikwenda moja kwa moja hadi chumba chetu cha kupanga Kabiria, pembezoni mwa jiji, nikavua suruali, nikajifunga kikoi, nikalala kwenye mkeka. Sinema siendi. Mpira siendi. Nina kidato cha nne, na nadhani elimu yote ile niliitumia kutafuta sababu za kutotoka.

"Umeona faida ya kukaa ndani?" mke wangu alisema. "Unataka kuwathibitishia kwamba mimi nipo. Anza kwanza kuwathibitishia kwamba wewe upo."

Nikaona dawa ni moja, kumwandikia baba yake. Baba mdogo alijibu upesi kwa mwandiko mzuri wa chuoni. Alieleza kwamba huyu ni binti yake, na kijana huyu ni mwana wa kaka yake, tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja, kwa hiyo serikali isiwe na wasiwasi wowote. Kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Mgeni anaweza kumtupa mke, mtoto wa ndugu ataanzia wapi? Niliipeleka barua ile mjini nimeitia ndani ya kitabu isije ikakunjamana.

Afisa aliisoma mara moja. Akavua miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Baba yake na baba yako wanatoka tumbo moja?"

"Moja kabisa," nikasema kwa furaha. "Hata chumba walichozaliwa ni kimoja."

"Sasa huyu ni dada yako."

Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi. Huko kwao, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye na mtu niliyemstahi zaidi, kijana akimpenda msichana huuliza ukoo kabla ya jina, na wakigundua ukoo ni mmoja wanaagana hapo hapo. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alinihurumia.

"Kijana, umeleta dada yako Nairobi, unamtafutia karatasi. Hiyo naelewa. Hata mimi niko na dada. Lakini usiniambie umemuoa."

"Dini yetu inaruhusu, bwana afisa."

"Dini, sawa. Na mama yako aliruhusu?"

"Yeye ndiye aliyemchagua."

Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasema atakuja Kabiria mwenyewe aone kwa macho, na siku hasemi.

Mke wangu hakupiga kelele. Alishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaliacha pale chini. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikiliruka kwenda kitandani. Hapo ndipo nilipoacha kuona mambo haya ni ya kuchekesha, nami si mwepesi wa kuacha.

Na kulikuwa na hofu nyingine. Jirani yetu wa ukuta mmoja, ukuta wa mbao na makaratasi, alikuwa mama kutoka upande wa Kakamega, magharibi huko huko. Tulipohamia alituuliza tunatoka wapi. Nikamwambia mimi Mombasa, mwenzangu Tanga, nikaishia hapo. Kwa miaka miwili bakuli lilikuwa likivuka kutoka mlango hadi mlango: sisi tukipeleka viazi vya nazi, yeye akirudisha na mboga au ndizi, maana si adabu bakuli kurudi tupu. Huyo ndiye shahidi pekee tuliyekuwa naye duniani, na tulikuwa tumemficha jambo lenyewe.

Afisa alikuja Jumamosi kabla ya adhuhuri. Alinikuta pale pale ambapo angenikuta Jumamosi yoyote, mkekani. Kando ya mlango palikuwa na kopo la mafuta ya taa, tupu, ambalo tangu asubuhi nilikuwa nimetumwa nalo Dagoretti Corner. Akatazama chumba. Akatazama kitanda kimoja.

"Nairobi hii hata ndugu wanalala kitanda moja," alisema. "Nyumba ni ghali."

Basi kitanda nacho kikashindwa kutoa ushahidi. Akatoka, akaenda kwa jirani, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi yake akichambua maharagwe. Wakasalimiana kwa lugha yao, wakacheka kidogo. Kisha afisa akahamia Kiswahili, nadhani makusudi nisikie.

"Mama, hawa watu ni nini?"

"Ni bwana na bibi yake."

"Unajua baba zao ni ndugu? Tumbo moja."

Mkono ukasimama ndani ya ungo. Akanitazama mimi, akamtazama mke wangu aliyesimama mlangoni, akalitazama bakuli letu lililokuwa kwake.

"Hiyo ni mbaya," akasema. "Hiyo ni mbaya sana. Kwetu hata kuku ingekataa."

"Kwa hivyo ni dada yake."

"Dada?" Akaweka ungo chini. "Wewe uko na dada?"

"Niko naye."

"Akutume mafuta asubuhi, useme naenda, ulale. Akutume saa nne, useme naenda, ulale. Atafanya nini?"

"Ataenda kwake."

"Sasa. Mimi nasikia hawa kwa ukuta miaka mbili. Huyu mama anamwita gogo. Anamwita kiti. Jana alimwita mzigo ya stesheni. Jioni nasikia wanacheka wote wawili. Asubuhi anamtuma tena." Akachukua ungo. "Dada hawezi hiyo. Hiyo ni bibi. Wamekosea, lakini wameoana."

Afisa alirudi mlangoni kwetu. Akaligusa kopo kwa ncha ya kiatu.

"Mafuta ulienda?"

"Nilikuwa nakwenda, bwana afisa."

"Anasema hivyo kila siku," mke wangu alisema, na sauti yake ikakatika katikati, akageuza uso ndani.

Nafikiri ni hiyo iliyomaliza. Afisa aliandika mstari mmoja tu, akasema tuje Jumatatu. Jumatatu tukagongewa muhuri, siku tisa kabla ya mwezi kuisha. Alipokuwa akinirudishia picha ya harusi aliniambia nipige nyingine, na safari hii nikumbuke kumbeba na bibi.

Sanduku likarudi juu ya kabati. Bakuli nalo lilirudi Jumatatu hiyo hiyo, limesuguliwa likang'aa, tupu. Mke wangu akaliweka kando. Wiki nzima kimya. Ya pili kimya. Tukasikia watoto wa jirani wakiambiwa waingie ndani, na sisi tukajifunza kucheka polepole.

Ijumaa ya tatu mke wangu alipika viazi vya nazi, akalijaza bakuli lile lile, akalipeleka bila kusema neno. Jioni jirani akasimama mlangoni kwetu nalo mkononi, lina mboga.

"Nimekuwa nikifikiri," alisema. "Hawa watoto mtazaa, babu mzaa baba na babu mzaa mama, baba yao ni moja. Sasa wataita nani nani?"

"Wataita wote babu," mke wangu akajibu.

"Mbaya sana," jirani akasema, akaingia, akakaa, akaangalia mkekani. "Na huyu bado hajaenda mafuta?"

Nikawaambia naenda.