Jina Nililolisoma Kwenye Kipaza Sauti

Mkasa huu siwezi kuusimulia nikatoka msafi, kwa hiyo sijaribu. Siku ya jubilei ya usharika wetu huku Mkalama, mbele ya wageni kutoka Singida mjini na spika mbili zilizoelekezwa sokoni, nilimwaibisha mama mkwe wangu, tena kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kama ninavyofanya mambo yangu yote.

Mimi ni mkulima wa alizeti. Shule yangu iliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe. Nilipotaka kuoa, wakwe waliniona sina ng'ombe wa kutosha, na aliyewashinda wote ni mama huyo, aliyesema, "Huyu anasoma, mpeni." Nyumba ile niliingia kwa neno lake.

Basi mchungaji aliponiomba niandae historia ya usharika, nilikaa ofisini kwake kiangazi chote na madaftari ya zamani ya matoleo, nikanakili nani alitoa mtama, nani kuku, nani senti, kisha nikalinganisha na takwimu za sensa za enzi hizo nilizozipata mjini. Nikaona jambo. Kuna miaka ambayo wanawake wengi walitoa sadaka kwa majina yao wenyewe, mume hakuandikwa, na sensa nayo inaonyesha wanawake wamewazidi wanaume. Nikahitimisha kwamba wanaume walikwenda kukata mkonge Tanga, na wengi hawakurudi. (Bado naiona ni hoja nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.)

Mke wangu aliniambia, "Baba Neema, nikamuulize mama? Miaka hiyo alikuwepo."

Mwenyewe nisingeweza kwenda. Kwetu mtu hakai na mama mkwe wake wakapiga soga, na jina lake hulitamki wala halitamkwi mbele yako. Tangu nioe nilimjua kwa Mama Yona, jina la mtoto wake wa kwanza, basi. Lakini mke wangu angeweza kuuliza. Nikamjibu, "Wazee wanachanganya mambo. Karatasi haichanganyi."

Siku yenyewe nilikusudia kusoma jumla tu, ila watu walianza kusinzia (ibada ilikuwa ndefu na kuku walishaanza kunukia huko jikoni), nikaamua kutaja mfano mmoja ili takwimu zipate uso. Nikateremsha kidole kwenye orodha.

"Kwa mfano, Elisabeti binti Msengi. Alitoa mtama mwaka baada ya mwaka, peke yake. Mume alikuwa amemkimbia."

Kanisa likanyamaza. Nikadhani wameguswa, nikarudia, polepole zaidi: "Elisabeti binti Msengi. Mwanamke aliyetelekezwa."

Huko nyuma bibi mmoja akapiga kigelegele cha kejeli. "Haya jamani, mkwe kaita! Aitikiwe!" Vicheko. Mke wangu, safu ya pili, alinikonyeza, akanipungia mkono, mwishowe akajifunika uso kwa kitenge, nami nikaelewa kwamba muda wangu umekwisha, nikaharakisha.

Yona, shemeji yangu, akasimama. "Shemeji, funga hayo makaratasi. Huyo mume hakwenda mkonge hata siku moja."

Mtu mwenye akili angefunga. Mimi nikaona utafiti wangu unapingwa mbele ya wageni. Nikasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Shemeji, tusiende kwa hisia. Nani hapa anaweza kuthibitisha kwamba Elisabeti alikuwa na mume nyumbani?"

"Mimi."

Alikuwa mama mkwe. Amesimama, ameshika mgongo wa benchi, hanitazami mimi, anatazama madhabahu.

"Elisabeti ni mimi. Mume wangu alikuwa nyumbani. Alioa mke wa pili, kanisa likakataa sadaka yake, likapokea yangu. Ndiyo maana nimeandikwa peke yangu. Haya, mmesikia wote, hata wa sokoni."

Akajitanda khanga, akatoka. Mlango wa kanisa letu uko mbali na benchi za mbele, na mguu wake mmoja ni mbovu, na hakuna aliyecheka tena. Wajukuu zake walikuwa kwenye kwaya, na Neema wangu mmoja wao. Mpaka asubuhi ile walijua kwamba yule bibi mdogo wanayemsalimia shikamoo kila likizo ni dada wa babu yao. Hata mimi nilijua hivyo.

(Na ile sensa? Yona alinieleza baadaye, bila kunitazama, kwamba wanaume walikimbilia porini kila walipoona karani anakuja, wakidhani ni kodi.)

Nilipeleka mbuzi wa kuomba radhi. Yona alimpokea, akafunga mlango wa zizi, kisha akafunga wa nyumba. Kitabu cha jubilei kimetoka, jedwali langu limo, maelezo yamesahihishwa, aliyeliandaa hakutajwa.

Madaftari bado nayasoma, siwezi kuacha. Lakini jina la mtu sitalitoa tena mdomoni kabla ya kuuliza kama mwenyewe yuko hai na amekaa benchi gani.

Mke wangu sasa huenda kwao peke yake. Anasema mama yake humuuliza habari za Neema, za alizeti, hata za kuku, kisha hunyamaza. Jina langu halitamki. Na safari hii si mila.