Mkia wa Jani Ulioangalia Mlango

Ile asubuhi ya mihogo bado naikumbuka, mwanangu, pale Bungulu, mtaa wetu huku Kivu, mvua imetoka kunyesha, tumekaa nyuma ya nyumba tunamenya, mimi na Mama Mukubwa Kahindo, dada mkubwa wa mama yangu. Simu ilikuwa kwa goti langu. Nakuandikia hii sababu nimekuona na wewe, macho kwa simu kutwa nzima, unaongea na watu wenye hujawahi kuwaona uso. Wazee wengine watakuambia uitupe. Mimi hapana. Mimi simu ilinirudishia mtoto.

Lakini acha nianze na ubaya, maana ndio ulitangulia.

Tulikuwa na shamba upande wa Mbau, mihogo na ndizi, na kakao kidogo. Wauaji walikuja wakati wa mavuno. Mume wangu Paluku alibaki kule kule. Majina ya wauaji wale siyajui. Ningeyajua, ningeyaandika hapa moja moja, na nisingeona haya. Mimi nilikimbia na binti yetu Masika. Nilimbeba mgongoni, nikachoka, nikamshika mkono. Barabarani kulijaa watu, pikipiki, mbuzi, magodoro juu ya vichwa. Mkono wake ukatoka ndani ya wangu. Hata shule alikuwa hajaanza.

Nilimtafuta kwa makanisa, kwa hospitali, kwa redio. Kila mahali waliniuliza jina, nikasema Masika, wakaniangalia kwa huruma. Unajua mambo yetu sisi Wanande, majina yanafuata zamu ya kuzaliwa. Simama kati ya soko la Butembo, ita "Masika!", utaona wangapi watageuka. Na mtoto mdogo vile angesema nini? Baba yake alimwita Baba, mimi aliniita Mama, na kijiji chetu jina lake kwake lilikuwa "kwetu".

Nikawa mtu wa uchungu. Watu walisema wauaji ni Waislamu, basi nikatia Waislamu wote ndani ya gunia moja, hata yule mzee mwenye alikuwa akituuzia chumvi tangu nikiwa msichana. Sijivunii. Nakuambia tu jinsi moyo unavyofanya ukiumizwa.

Kwa simu nilikuwa ndani ya kikundi kimoja cha kuulizana. Watu wa huku na huku, wasiojuana, mmoja anauliza kwa nini Wakatoliki wanapakwa majivu kwa paji la uso, mwingine anauliza samaki wa ziwani wanapikwaje, mwingine kama jioni wenzake wanacheza dame, ile drafti, au wanaangalia mpira. Kitu kizuri. Mkubwa wa kikundi alikuwa Kakule Janvier, fundi wa simu pale pale Bungulu. Jina lake nalijua, kwa hiyo naliandika.

Basi asubuhi ile mwanamke mmoja aliandika. Kwa picha yake kulikuwa na kitambaa cha kichwa, Mwislamu wazi. Aliandika hivi: "Samahani ndugu Wakristo. Mutoto wa Katoliki, mbele ya kulala, banamusalishaka namna gani? Nataka kujua muzuri, nisimufundishe mubaya."

Kakule akamjibu mara moja: "Mama, uliza imamu wako. Hapa hapana soko ya batoto." Watu wakatia vile vichwa vya kucheka, mlolongo mzima. Na mimi nikacheka, nikamsomea Mama Mukubwa, nikifikiri atacheka naye.

Hakucheka. Alisimamisha kisu.

"Amekuomba nini?"

"Hapana kitu. Ameuliza tu."

"Donc, basi kosa yake ni nini? Mutu anauliza namna ya kusalisha mutoto, na nyinyi munamutukana?"

"Mama, huyu iko Muislamu."

"Nimesikia. Na mimi niko muzee, sina meno, lakini kinywa changu kinajua kazi yake. Chako kinajua kucheka tu? Jibu mutu."

Mwanangu, yule mama hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alinikemea mpaka masikio yakawaka moto. Nikaandika kifupi, kwa hasira kidogo: ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, basi.

Akanirudishia: "Aksanti sana, dada. Umenisaidia." Halafu akaongeza swali lingine. "Na kwenu batoto badogo banacheza nini? Huyu wangu anafunga muhindi ku mgongo sawa mutoto, lakini anaufunga kichwa chini."

Nilisoma mara ya kwanza bila kusikia. Mara ya pili nikaweka muhogo chini. Nikajiambia, acha ujinga, batoto wote wa Kivu wanabeba gunzi la mahindi mgongoni, kama mwanasesere. Kakule yeye alikuwa amekwisha kuandika: "Angalieni, anatafuta siri zetu, kesho atauliza tunalala wapi."

Na yule mama, katikati ya matusi yale, akaandika swali la tatu. "Moja ya mwisho, munisamehe. Nani kwao wakifunika chungu ya maharagi na jani ya ndizi, banafunga jani fundo, na mukia wake banaelekeza ku mulango? Ni ya nini?"

Kisha simu ikaandika kwamba Kakule Janvier amemtoa kikundini.

Kisu cha Mama Mukubwa kilianguka ndani ya beseni. "Soma tena," alisema. Nikasoma tena. "Tena." Nikasoma mara ya tatu.

Lile jani, mwanangu, si la Wanande wote. Ni la mama mzaa mama yangu, mwanamke wa Kanyabayonga. Kwao barabara kubwa ilichukua watu, wengine wakachelewa siku nyingi kurudi. Alipofunika chungu, alifunga fundo na kugeuza mkia wa jani kwa mlango, ili mwenye bado yuko njiani abakiziwe sehemu. Mama Mukubwa alifanya vile, mama yangu alifanya, mimi nilifanya mbele ya Masika. Baada ya Mbau niliacha. Sikuwa na mtu wa kungojea, ndivyo niliamini.

Kakule alimtoa mtu, lakini namba yake ilibaki juu ya maneno yake. Nikapiga.

"Allo? Ni nani?"

"Mimi mwenye nilijibu ya sala. Mama, ile jani... ule mukia ni juu ya mwenye hajafika. Sehemu yake inabakia ndani ya chungu."

Nilisikia kuku huko kwake. Halafu akauliza polepole, sawa mtu anayeshika yai: "Na ule muhindi? Kwa nini kichwa chini?"

"Sababu yeye alizaliwa miguu mbele. Baba yake alikuwa anamuchekaka kwa hiyo. Basi kwake batoto wote banakuja vile."

Yule mama akapiga kelele mpaka nikatoa simu sikioni. "Baba Zaina! Baba Zaina, kuya hapa! Mama yake iko! Iko muzima!"

Baba Zaina ni dereva wa lori la mbao. Ndiye aliyemwokota Masika kando ya barabara, akamfikisha kwa wakubwa wa pale. Wakaandika "Masika", wakamwambia angojee. Hakumwacha mtoto angojee peke yake. Akampeleka Butembo kwa mkewe, huyu Mama Zaina.

Nilimuuliza Mama Zaina baadaye kwa nini hakutia picha. Aliniambia: "Dada, nikitia picha, kila muizi atasema ni mutoto wake. Mimi niliuliza mambo yenye mama tu anayajua." Alikuwa ameuliza hivyo kwa vikundi vingi, akatukanwa kwa vingi. Na Jumapili alikuwa akimtuma mtoto misani pamoja na jirani, kusudi nikimkuta, nimkute bado wangu.

Tulipofika Butembo, mimi na Mama Mukubwa, Masika alijificha nyuma ya vazi la Mama Zaina, akaniangalia kwa jicho moja. Sikumvuta. Chungu kilikuwa juu ya babula, lile jiko la makaa, kimefunikwa, na mkia wa jani ulikuwa unaniangalia mimi pale mlangoni.

"Kila siku anafunga vile," Mama Zaina alisema. "Na mimi kila siku nilikuwa ninabakiza sehemu, sijui ni ya nani. Sasa ingia, ukae, ukule. Ni yako."

Nilipokula tonge la kwanza, Masika akaja akakaa kwa mapaja yangu.

Kakule aliniandikia pongezi. Alisema alikuwa "analinda kikundi". Kakule, hii naitia kikundini pia, najua unaisoma: ulimtoa mwanamke mwenye alikuwa amemshika mtoto wangu mkono. Bado sijasikia neno "samahani".

Basi, mwanangu, uliza. Waulize usiowajua wanasali namna gani, wanapika nini, watoto wao wanacheza nini, lakini uliza sawa Mama Zaina, kwa adabu, ukisema kwa nini unataka kujua, na ukijibiwa toa aksanti. Usiombe picha za watoto wa watu, wala usitupe za wako. Na wewe ukiulizwa kitu kidogo cha chungu au cha sala, hata na mtu wa gunia lile moyo wako umefunga, jibu kwanza. Hujui ameshika mkono wa nani.

Mungu akupe watu wa kukubakizia sehemu ukichelewa njiani. Na ukifika, ukute mlango wazi na chungu bado cha moto.