Shaba na Ngozi: Miaka Yangu ya Utafiti Singida

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalipa na karatasi nyepesi, nikaambiwa nikae chini mbele ya mwanamke aliyekuwa akifua bangili. Ilikuwa Mungaa, kijijini kwetu, ndani ya banda la mhunzi ambalo nililipita miaka yote nikienda shule bila kuwahi kuingia. Mwajiri wangu alikuwa mwalimu wa chuo, mtu mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, na sote tulimwita Mtafiti Mkuu. Alikuja kuchunguza mapambo ya shaba na chuma ya watu wa Singida, na alihitaji kijana aliyemaliza kidato cha nne anayejua Kinyaturu. Kazi ikaniangukia mimi.

"Pima unene wa waya sehemu nyingi, usipime sehemu moja ukaridhika," aliniambia. "Kitu cha mkono hakilingani. Mahali kisipolingana ndipo unapomwona aliyekitengeneza."

Kalipa ni chombo chenye meno mawili yanayobana kitu na kukuonyesha unene wake. Karatasi ilikuwa ya kunakili nakshi: unailaza juu ya bangili, unapitisha penseli kwa ubavu, na michoro inajitokeza. Bangili ikaniponyoka mara kwa mara. Yule mwanamke akaniangalia kwa kufinya macho.

"Kaka, unaipima au unaibembeleza?"

Hivyo ndivyo nilivyomjua Salome, binti wa Mzee Ntandu mhunzi. Alikuwa mtu mwenye ualbino. Siku zile watu walisema zeruzeru mbele yake bila haya, naye aliitikia kama anayeitwa jina. Hakuona mbali. Alipochora nakshi aliisogeza shaba hadi karibu na pua, akaigonga kwa tindo dogo, na mistari ilitoka imekaa sambamba kama mistari ya daftari.

Kwa mila zetu mwanamke hakuwa na nafasi bandani. Mzee Ntandu alituelezea mwenyewe ilivyokuwa, huku akigeuza waya motoni ili ulainike. Salome alikuwa na ndugu wawili wakubwa waliozaliwa kama yeye. Walichunga ng'ombe na kulima kama watoto wengine, jua likawala ngozi, wakaoza vidonda, wakafa kabla ya kuoa. Salome alipozaliwa baba yake akamweka bandani, kwanza kwenye mivukuto ya kupulizia moto, baadaye kwenye nyundo na tindo. Wazee wa ukoo walikuja kulalamika.

"Niliwaambia nimeshazika wawili," alisema Mzee Ntandu. "Kama wanataka na huyu, waje wamchukue wamzike wenyewe. Hawakurudi."

Nilifanya kazi na Mtafiti Mkuu kwa miaka kadhaa. Tulikwenda Issuna, tukavuka hadi Ulemo kwa Wanyiramba, tukaandika majina ya nakshi na kuuliza nani alivaa nini na kwa sababu gani. Nilijifunza kutofautisha shaba nyekundu na shaba njano kwa harufu ya mkono baada ya kuishika. Nilijifunza pia kuuliza swali na kunyamaza, maana mtu akiachwa kimya kidogo huongeza lile alilotaka kuficha. Mtafiti Mkuu alikuwa mkali kwa kazi, lakini hakumdharau mtu. Kila alipotoka bandani kwa Mzee Ntandu alishukuru kwa mikono miwili.

Hata hivyo, kazi ya uhunzi ilikuwa inafifia mbele ya macho yetu. Zama za ruksa, za biashara huria, zilikuwa zimeingia. Mnadani, palipokuwa na kitenge cha foleni na sabuni ya mgawo, sasa palimwagwa kila kitu: mitumba, redio, sahani za plastiki, na bangili za kung'aa kutoka nje zilizofungwa kwa dazeni. Wasichana walizikimbilia, na siwalaumu. Wakati huo huo walikuja wanunuzi wa vyuma chakavu. Koki mbovu, mabomba ya zamani, nyaya, vyote ambavyo Mzee Ntandu aliviyeyusha kupata shaba yake, vilipakiwa kwenye malori na kwenda mjini. Mhunzi akakosa mteja na akakosa malighafi ndani ya msimu mmoja.

Siku ya mwisho Mtafiti Mkuu alisimama mlangoni mwa banda, akakohoa, akaniambia, "Nilifikiri nimekuja kuandika kazi. Nimeandika buriani yake." Fedha za utafiti zilikuwa zimekwisha. Aliondoka, na baada ya hapo sikumwona tena.

Kituo changu cha pili kilikuwa hospitali, katika mkoa huo huo. Kulikuwa na mradi wa kuchunguza seli za rangi, na kiongozi wake kwa upande wa sayansi alikuwa bibi mmoja daktari wa ngozi, mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye hakupenda mtu aketi akiwa anaelezwa kazi. Alitaka msaidizi anayevijua vijiji na anayejua kuongea na watu.

"Umetoka kwenye bangili?" aliniuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Huku nako tunapima visivyolingana. Ila hivi vinauma."

Niwaeleze vijana kazi hiyo ilivyokuwa. Ndani ya ngozi ya kila mtu kuna seli maalumu zinazotengeneza rangi, rangi inayoitwa melanini, nayo huikinga ngozi na jua kama paa linavyokinga nyumba. Watu wengi walidhani mwenye ualbino hana seli hizo kabisa. Anazo, ziko pale pale zinapotakiwa, ila hazitengenezi rangi ya kutosha. Tulichukua kipande kidogo cha ngozi, kidogo kuliko punje ya mtama, tukakihifadhi kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, kisha tukakizamisha kwenye nta. Nta ikiganda, nilikikata kwa mikrotomu, mashine yenye wembe mkali sana, hadi kikawa chembamba mno. Nikakilaza juu ya kioo, nikakipaka dawa ya kukipa rangi, na Daktari akakitazama kwa hadubini. Mkono ule ulioponyokwa na bangili Mungaa ulikuwa umeshatulia.

Nilizunguka vijijini kuwatafuta wenye ualbino. Wengi niliowakuta walikuwa na vidonda midomoni, masikioni, shingoni. Wenye umri mkubwa walikuwa wachache sana, na familia zilieleza sababu bila kuulizwa. Salome alikubali kuja kwa hiari yake. Daktari alimkagua kwa muda mrefu, akamgeuza mikono, akamfunua shingo, kisha akaniita pembeni.

"Huyu amekaa wapi maisha yake yote?"

"Bandani, Daktari. Anafua shaba na baba yake."

Halafu akamrudia Salome, akamshika bega. "Dada, ngozi yako imetunzwa na lile banda. Mtu asikutoe humo."

Salome akacheka. "Nani atanitoa, Daktari? Nimeolewa na nyundo."

Aliyemtoa hakuwa mtu. Mwaka uliofuata nilipita Mungaa nikakuta banda baridi. Majivu yalikuwa yamegandamana, na kuku alikuwa ametagia kando ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia. Mzee Ntandu aliketi nje akisuka kamba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzako yuko shamba."

Nilimkuta katikati ya vitunguu, jua la saa sita, kanga imefungwa kichwani, mikono wazi. Mgongo wa kiganja ulikuwa umeshababuka.

"Salome, Daktari alikuambiaje?"

"Aliniambia nikae bandani. Nikae nifanye nini?" Hakuacha kupalilia. "Kitunguu kina mnunuzi. Bangili haina. Baba hawezi tena jembe. Tule nini, kaka Hango?"

Nilirudi hospitali nikamweleza Daktari, naye siku hiyo hiyo akaenda kwa Mratibu, aliyesimamia fedha za mradi. Mimi nilisimama mlangoni. Daktari aliomba Salome aajiriwe maabara, aoshe vioo na kuandaa nta, kazi ya ndani.

"Haiwezekani," alisema Mratibu. "Mtu anayechunguzwa hawezi kuwa mfanyakazi. Takwimu zitaharibika."

"Zitaharibika takwimu, au ataharibika mtu?"

"Daktari, sikuiandika mimi kanuni hii. Nikiivunja, wafadhili watafunga mradi wote, na hao wengine utawatibu kwa kitu gani?"

Hakuwa mtu mbaya. Nimemfikiria mara nyingi, na bado sijui ningesema nini mahali pake. Daktari alinunua mwenyewe kofia pana na mashati ya mikono mirefu, akanipa nimpelekee Salome. Mafuta ya kukinga jua tuliyatafuta Singida mjini duka kwa duka. Rafu zilijaa krimu na sabuni za kuchubua, wateja wanasukumana kuzinunua, wakilipa ili wapunguze kile ambacho Salome alinyimwa tangu tumboni. Ya kukinga ngozi hatukupata hata moja. Muuza duka mmoja aliniuliza kama kitu hicho kipo kweli.

Salome alizivaa zile nguo. Lakini akiwa ameinama palizini, kwa joto lile, mikono ya shati aliikunja, na kofia ilipeperuka. Kidonda kilianza nyuma ya sikio. Alikaa nacho msimu mzima wa mavuno kwa sababu wakati huo hospitali zilikuwa zimeanza utaratibu wa kuchangia gharama, naye aliogopa kuja mikono mitupu. Nilipopata habari nikamfuata kwa baiskeli, nikampakia.

Daktari alikata kipande, mimi nikamshika Salome mkono. Mkono wake ulikuwa na sugu za nyundo bado, na juu yake sugu mpya za jembe. Nikakipitisha kipande kile kwenye nta kama vingine vyote, nikakikata, nikakipaka rangi. Daktari alitazama, kisha akanisogezea hadubini, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida.

"Unaziona seli hizi? Zilitakiwa kukaa juu kwa safu. Zimeanza kushuka."

Nilikuwa nimekata vipande vingi vya namna ile, lakini vyote nilivijua kwa namba. Nikauliza, "Tumechelewa?"

"Sijui. Tukate haraka."

Ilikuwa saratani ya ngozi. Alifanyiwa upasuaji, sikio likaondolewa, na kwa muda tulipata matumaini. Alirudi nyumbani akifunga kilemba upande, akitania kwamba sasa umbea wa kijiji utamfikia nusu. Halafu uvimbe ukatokea shingoni. Matibabu ya mionzi yalikuwa katika jiji la mbali. Daktari aliandika barua, akapiga simu, akapata nafasi. Salome alikwenda na baba yake na kurudi. Wataalamu wa huko walikuwa wamemwambia Mzee Ntandu kwa upole kwamba ugonjwa umekwishaenea, na kwamba mgonjwa atapumzika vizuri zaidi kwake.

Wiki zile za mwisho nilikuwa nikienda Mungaa kila nilipopata ruhusa. Alilala ndani, madirisha yamefungwa, maana mwanga ulimuumiza.

"Kaka Hango," aliniambia siku moja, "ngozi yangu mliyoikata iko wapi sasa?"

"Vipande vingine viko maabara. Vingine vimepelekwa nje, kwa wataalamu."

"Na bangili zangu alizonunua yule mrefu?"

"Nadhani nazo ziko nje. Kwenye makumbusho."

"Basi nimetembea kuliko wanawake wote wa Mungaa." Akacheka kidogo, akakohoa, akageukia ukutani. Sikuweza kucheka naye.

Alifariki kiangazi, wakati vitunguu vinavunwa. Kesho yake asubuhi Mzee Ntandu aliwasha moto bandani, akaniomba nivute mivukuto. Alifua msalaba wa chuma kutokana na bapa la jembe kuukuu, akipumzika kila baada ya mapigo machache. Ulipopoa nikamuuliza kama atauwekea nakshi.

"Mchoraji alikuwa yeye," alisema. Tukaupeleka hivyo hivyo.

Mradi ulifungwa muda mfupi baadaye, kwa sababu zisizotuhusu. Mratibu alihamia kazi nyingine. Daktari alibaki akitibu bila utafiti hadi alipostaafu, akaenda kwao, na mimi nikabaki msaidizi wa maabara hospitalini, nikipima damu na choo, hadi nilipostaafu nami. Niliyoyaandika kwa mikono yangu yalichapishwa mahali fulani, kwa lugha ambayo Salome hakuisoma. Najua sayansi ile haikuwa bure. Leo watu wanafahamu mambo ambayo sisi tulikuwa tunayapapasa. Lakini nikiulizwa tuligundua nini, moyoni najibu kwamba tuligundua mapema kabisa kilichomweka mtu hai, tukakiandika vizuri, na hatukuweza kukilinda.

Siku hizi nakaa kwangu, nafuga kuku, na mara moja moja zahanati za vijijini huniita niongee na wazazi. Majuzi nilikuwa Issuna. Baada ya maongezi alinifuata mama kijana, akafunua kanga mgongoni akanionyesha mtoto wake, mchanga, nywele kama ndevu za mahindi, amelala.

"Babu, shikamoo. Ataishi?"

"Marahaba, mama. Ataishi," nikamwambia. "Mradi asikae juani. Mfunike, mvalishe kofia, umweke ndani mchana."

Alisikiliza kwa makini, akayarudia maneno yangu yote bila kukosea. Kisha akaniuliza, kwa heshima, kama mtu anayeomba kuelekezwa njia:

"Na mimi nikienda kulima, nimwache na nani?"