Breki na Kona ya Tangi

Kwa miaka sita nilikaa kwenye dirisha la kupokelea sampuli katika maabara ya hospitali yetu, na kwa miaka hiyo yote kisanduku cha bluu kutoka zahanati ya mlimani kililetwa na mwanamke mmoja juu ya baiskeli. Gari la hospitali lilizunguka mlima mzima, saa mbili na ushee, tena siku lilipobahatika kuwa na dereva na mafuta kwa pamoja. Yeye alishuka moja kwa moja kwa njia ya vumbi, dakika arobaini. Damu ikifika mapema, majibu hutoka siku hiyo hiyo. Ikichelewa kwenye joto, inaharibika na tunaitupa.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mwembamba, mcheshi, na sauti yake ilimfikia hata aliyekuwa amelala chumba cha tatu. Mumewe, seremala, alizoea kusema kwamba ana wake wawili, na mke mkubwa ni baiskeli.

Kiangazi kimoja akaanguka. Palikuwa pale kwenye tangi la maji, ambapo njia inapinda kushoto na changarawe zimetapakaa kama mahindi yaliyoanikwa. Hakuwa akienda kasi kuliko siku nyingine. Alipoilaza baiskeli aingie kona, gurudumu la mbele likaserereka, akala mweleka. Mtulinga ukavunjika, kisanduku kikabingirika hadi mtaroni, na chupa tisa zikapasuka. Moja ilikuwa na damu ya mtoto wa miezi minne.

Nilimkuta wodini amefungwa mkono kifuani.

"Maumivu nitayazoea," aliniambia. "Kinachoniumiza ni yule mtoto. Atachomwa sindano mara ya pili kwa sababu yangu."

Aliporudi kazini baada ya miezi mitatu, alikuwa mtu mwingine. Alishuka mlima mzima amebana breki, na kwenye kila kona aliteremka akaikokota baiskeli kwa miguu. Dakika arobaini zikawa saa moja na nusu. Wauza mboga wa pale chini, waliosikia breki zikilia kabla hawajamwona mwenyewe, wakambatiza jina la Breki. Alicheka nao. Lakini mimi nilimjua vya kutosha. Kile hakikuwa kicheko chake.

Mkuu wa maabara hakuwa mtu mbaya. Alimwita akamwambia kwa upole, "Dada, pale masjala kuna nafasi. Kiti, meza, feni. Hakuna atakayekulaumu."

"Nipe mwezi mmoja, bosi."

"Mwezi wa kufanya nini?"

"Wa kujua nilianguka kwa nini."

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, minyororo imening'inia ukutani, na beseni la maji ya kutafutia pancha lilikuwa mlangoni, kiasi kwamba kila mgeni alitumbukiza mguu humo angalau mara moja. Huyu bwana alikuwa na kipimo kimoja tu cha upepo maishani mwake, nacho ni kidole gumba. Akibonyeza tairi lisibonyee, kazi imekwisha.

Safari hii Breki alikuwa ameazima geji ya kupimia upepo. Akaipachika kwenye gurudumu la mbele, ikasoma paundi hamsini.

"Shemeji, hii ni presha," akasema. "Mgonjwa mwenye presha hii pale zahanati angelazwa kabla hajataja jina lake."

"Tairi gumu ndilo linalokwenda, shemeji."

"Linakwenda, sikatai. Hata siku ile lilikwenda. Niliyebaki ni mimi."

Fundi akacheka. Kisha akalizungusha gurudumu polepole, na kicheko kikamkauka. Tairi lile lilikuwa la barabara ya lami. Katikati lilikuwa na ukanda mmoja mrefu, na pembeni vijimeno vifupi, vingine vimekwisha kabisa. Baiskeli ikienda wima hakuna shida. Ikilazwa kwenye kona, inasimama juu ya ubavu wa tairi, na ubavu wenyewe ulikuwa kipara.

"Nililifunga mimi hili," akasema kwa sauti ya chini. "Nilitaka uende haraka. Kumbe ni mimi niliyekuangusha."

"Acha hayo. Lililoniangusha tumeshaliona. Sasa nitafutie dawa."

Fundi alitaka kubadilisha kila kitu siku ile ile: tairi, upepo, breki, hata kiti. Breki akakataa. Miaka yote ya kuingia na kutoka maabara ilikuwa imemfundisha jambo moja: ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo na mgonjwa akapona, hutajua kilichomponya. Wangebadilisha kimoja kimoja, kwenye kona ile ile, kwa mwendo ule ule. Nami nikapewa kazi ya kuandika.

Ndiyo maana Jumapili asubuhi nilijikuta nimekaa juu ya jiwe kando ya tangi la maji, daftari mapajani, roho mkononi. Fundi alikuwa ameifagia njia ya chini ya kona na kumwaga huko magunia mawili ya maranda ya mbao kutoka kwa kaka yake, ili mtu akianguka aangukie pazuri.

Walianza na upepo peke yake, wakiacha tairi lile lile la zamani. Kwa hamsini, baiskeli ilirukaruka juu ya kokoto kama mchezaji wa ngoma, na Breki akabana breki kabla ya kufika katikati. Kwa arobaini, afadhali kidogo. Kwa thelathini akapiga kelele, "Linalala! Linazikumbatia kokoto!" Tairi lilikuwa limelainika vya kutosha kujikunja juu ya kila jiwe, badala ya kudunda juu yake. Lakini alipolaza baiskeli zaidi, ule ubavu kipara ukaanza tena kuteleza. Akaweka mguu chini, uso umempauka.

Nikadhani ataacha. Alikunywa maji, kisha akamgeukia fundi. "Haya. Sasa badilisha tairi la mbele tu."

Lile jipya lilikuwa pana, na meno yake ya pembeni yalikuwa marefu, yameachana vizuri ili changarawe zipate pa kuingia. Fundi akahakikisha kidole chake kinapita kati ya tairi na uma wa mbele, akaangalia mshale wa ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, akalijaza paundi thelathini. Breki akapanda juu, akashuka. Tukasikia meno yanakwaruza ardhi, krrr, kama paka anayenoa kucha. Akapita kona mzimamzima.

Hakusherehekea. Alisema, "Ishirini na nane." Kisha ishirini na sita. Kisha ishirini na nne, na hapo akatabasamu. Kwa ishirini tairi likawa laini kupita kiasi. Alisema usukani unamjibu kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wakarudi ishirini na nne. Gurudumu la nyuma, ambalo hubeba uzito zaidi pamoja na kisanduku, walilishusha hadi ishirini na nne vilevile, na kwenye jiwe la kwanza rimu ikagonga, ngo! Tyubu ikatoboka matundu mawili yanayotazamana. Wakaziba pancha, wakapandisha hadi ishirini na nane, na rimu haikugonga tena.

Jumla alipita kona ile mara thelathini na moja. Maranda hayakuguswa na mtu.

Siku ya kumi na tisa ya ule mwezi wake, alikuwa zahanati akipakia kisanduku, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamkaribia.

"Wewe ndiye uliyeanguka na damu ya mwanangu?"

"Ndimi, mama. Nisamehe."

Yule mama akamtazama, akaitazama baiskeli. "Leo wamemchoma tena. Homa imemrudia. Utafika?"

Breki aliniambia baadaye kwamba ulimi ulitaka kuapa, lakini alijizuia. Badala yake alichuchumaa, akamwonyesha meno ya tairi, akamwambia, "Bonyeza hapa." Mama akabonyeza, likabonyea kidogo. "Nimejiandaa kadiri ya uwezo wangu," Breki akasema. Mama akaitikia kwa kichwa, akakifunga kisanduku kwa mkono wake mwenyewe.

Nilipopokea kisanduku dirishani nililinganisha saa na ile ya kuondoka iliyoandikwa juu yake: dakika thelathini na nane. Chupa zote nzima. Kabla ya saa saba mchana majibu yalikuwa yamepelekwa mlimani kwa simu, na mtoto akaanza dawa jioni ile ile. Baada ya wiki moja nilisikia kwamba ananyonya na kupiga makelele ya kutosha nyumba mbili. Masjala walimpata mtu mwingine.

Mvua zilipoanza, Breki aliteleza kwenye tope, akakaa chini kitako kama mtu aliyealikwa, akanyanyuka akiwa anacheka. Wakalazimika kurudi kwenye geji na daftari upya, maana tope nalo lina masharti yake.

Mwaka huu hospitali imeongeza zahanati ya pili, upande wa pili wa mlima, na imemwajiri mwendeshaji mwingine: mama mmoja aliyekuwa dobi, mwenye mikono yenye nguvu na mwili uliojaa. Jumapili iliyopita niliwakuta wote kibandani kwa fundi. Breki alikuwa akimweleza kwamba mtu mzito huhitaji upepo zaidi kidogo, kwa hiyo namba zake yeye haziwezi kumfaa mwenzake.

"Haya, dada, una kilo ngapi?" fundi akauliza, kalamu mkononi.

"Hilo hata mume wangu halijui," dobi akajibu, akainamia sikio la Breki kumnong'oneza.

Breki akatoa macho, akamwambia fundi, "Anza na thelathini na mbili." Wakatoka na baiskeli zao kuelekea mlimani, dobi mbele.