Kadi Ndefu Kwenye Boksi Dogo

Kanda, ndivyo walivyomwita tangu enzi zile za kanda za video, alikuwa anatengeneza video za harusi kwa kompyuta ndogo ya mezani iliyochakaa, boksi lake si nene kuliko kamusi. Ndani yake kulikuwa na harusi moja iliyomnyima raha. Baba wa bibi harusi alitoa nasaha pale ukumbini, wiki iliyofuata akafariki. Sauti yake haikuwepo kwingine ila kwenye diski ya kompyuta ile. Kadi za kamera Kanda alishazifuta, akarekodia kazi nyingine.

Sasa kompyuta ikawa inaganda kila akiunga video. Akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri vya mitumba.

"Chukua kadi hii ya grafiki, hii fupi," shemeji akamwambia. "Haina makuu, inakula umeme kidogo. Pawasaplai yako, hicho kigawa umeme cha ndani, ni ya kitoto."

"Na ile yenye feni mbili?"

"Ile inataka waya wake wa umeme. Unao?"

"Si bei moja?"

"Bei moja, moto mbalimbali."

"Woga huo, shemeji. Ndiyo maana duka lako halikui."

"Halikui, lakini haliungui. Basi hamishia kazi zako kwenye diski nyingine kwanza."

"Nikimaliza."

Akaondoka na ile ya feni mbili. Nyumbani akakata bati la kadi kwa msumeno ili iingie, mfuniko akautupa chini ya meza, umeme akaudokoa kwenye waya wa diski kwa adapta. Ikawaka! Picha zikateleza kama maji. Kanda akacheka peke yake.

Asubuhi ya tatu mkewe akasimama mlangoni, pua juu.

"Nani anachoma plastiki?"

"Jirani huyo."

Kanda akagusa waya wa adapta kwa siri. Akautoa mkono mbio. Skrini ilisema video ya harusi ile imeungwa asilimia themanini na sita. Azime? Akizima, anaanza moja. Akachukua gazeti, akaupepea waya kama mtu anayepepea mgonjwa. Tisini. Tisini na moja.

Simu ikaita. Bibi harusi.

"Kaka, mama leo kaamka na nafuu. Anauliza, sauti ya baba inasikika vizuri?"

"Inasikika, dada. Tena vizuri sa..."

Skrini ikawa nyeusi. Feni zikasimama. Ndani ya boksi diski yenye sauti ya baba ikaanza kujigonga: tk, tk, tk, kama ukucha kwenye kioo.

"Chomoa!" mkewe akapiga kelele. "Chomoa, mwanaume!"

"Kaka? Upo? Ngoja nimpe mama simu, umwambie mwenyewe."